Lipu inadondoka kila mwaka: je, tung'oe boriti tumwage zege?

Swali: Assalaam alaykum. Sisi ni ndugu wanne, tumerithi nyumba ya mawe ya marehemu babu yetu, Mji Mkongwe, Zanzibar. Ina ghorofa mbili. Kuta za chini zinatoa chumvi na lipu inadondoka. Miaka michache iliyopita fundi alibandua lipu ya zamani akapiga ya saruji, na leo hiyo nayo imevimba, tena unyevu umepanda juu kuliko mwanzo. Sakafu ya ghorofa ya kwanza imebonyea upande wa choo. Fundi anasema boriti zote zimekwisha, tuzing'oe tumwage slabu. Kaka yangu anataka tununue rangi ya kuzuia maji. Shangazi anasema turudi kwenye chokaa kama zamani. Je, chokaa ina maana kwa watu wa kipato cha kawaida kama sisi, au ni mapambo ya hoteli za watalii? Na uani kuna jiko lililoanguka, tulijenge kwa kitu gani? – Msomaji, Dar es Salaam

Jibu: Waalaykum ssalaam dada yangu. Katika hao watatu mnaoshauriana nao, shangazi ndiye aliye karibu na ukweli, lakini hata yeye akianza na chokaa kabla maji hayajatafutwa, mtatupa fedha baharini. Kwanza mjue maji yanatoka wapi, kisha ukuta upewe nafasi ya kukauka, ndipo ije lipu. Boriti zina habari yake peke yake, nitaifikia.

Uujue ukuta wenyewe. Kuta za nyumba za Mji Mkongwe kwa kawaida zina unene wa nusu mita na zaidi. Zimejengwa nyuso mbili za mawe ya matumbawe, wa ndani na wa nje, na katikati pakajazwa mawe madogo madogo, vyote vikashikwa kwa chokaa iliyochanganywa na udongo mwekundu. Hakuna ile karatasi ya kuzuia unyevu ambayo nyumba za matofali za leo huwekewa juu ya msingi. Waliojenga walijua kwamba unyevu wa ardhini utapanda na mvua itapenya, wakauachia ukuta uutoe wenyewe. Jua likipiga na upepo ukipita, maji hutoka kwa mvuke kupitia lipu ya chokaa, ambayo ina vitundu vingi visivyoonekana kwa macho. Lipu ilikusudiwa iwe laini kuliko jiwe, ili kama kuna kitu cha kuliwa na chumvi, iliwe lipu na jiwe lisalie. Kupiga lipu upya kila baada ya miaka kadhaa ilikuwa sehemu ya kuishi ndani ya nyumba hizi, wala haikuhesabiwa kuwa uharibifu.

Lipu ya saruji ni ngumu kuliko jiwe inaloshikilia, na inabana. Kuipiga juu ya ukuta wenye unyevu ni kumvalisha koti la mvua mtu aliyekwisha kuloa. Maji ya ardhini hayakuacha kupanda kwa sababu ya lipu mpya, yamekosa pa kutokea tu, yakaendelea kupanda mpaka juu ya ukingo wake. Ndiyo maana unaona unyevu umefika mahali ambapo zamani palikuwa pakavu.

Yanapopanda yanabeba chumvi. Iko ardhini, iko katika hewa ya bahari, iko katika maji machafu yaliyovuja miaka mingi, na pengine iko ndani ya lipu yenyewe kama fundi alitumia mchanga wa ufukweni. Maji yakikauka, chumvi hubaki na kuganda kuwa punje, na punje hizo zinapokua huwa na nguvu ya kupasua. Kwenye lipu ya chokaa hugandia usoni au karibu na uso, ukaona unga mweupe ambao burashi inautoa. Kwenye lipu ya saruji hugandia nyuma, pale lipu ilipokutana na jiwe. Okota kipande kimoja kilichodondoka ukigeuze. Ukikuta mgongo wake umebeba vumbi jekundu na vipande vya tumbawe, ujue kila kipande kinachodondoka kinaondoka na ngozi ya ukuta. Mkirudia saruji mara mbili tatu zaidi, kitakachodondoka baadaye ni mawe.

Haya, maji. Wewe mwenyewe umenipa dalili kubwa bila kujua: sakafu imebonyea upande wa choo, na ukuta unaooza uko chini. Vyoo vya ghorofani viliongezwa katika nyumba nyingi za Mji Mkongwe baada ya kujengwa, na mabomba yakazikwa ukutani mahali ambapo hakuna wa kuyaona. Fanyeni jaribio hili kabla ya kumlipa mtu yeyote. Usiku wote wakishalala, jazeni tangi la juu, fungeni maji yanayoingia, mtie alama ya chaki au kalamu pale maji yalipofika, na mtu asifungue bomba mpaka asubuhi. Maji yakiwa yameshuka, kuna bomba linavuja. Kwa bomba la maji machafu jaribio hilo halisaidii. Pelekeni ndoo mbili tatu za maji yenye rangi yoyote ya chakula, mmwage chooni na bafuni, kisha mkae chini na tochi muangalie ukuta na dari kwa siku mbili.

Baada ya hapo pandeni juu. Paa nyingi za sakafu bapa zilifunikwa bati, na maji ya bati yanatakiwa yapokewe na mifereji. Mfereji ukiziba au ukikatika, maji ya paa zima hushuka juu ya ukuta mmoja. Msimu wa kuchunguza ni masika, Machi hadi Mei, mvua inanyesha, mtu asimame uchochoroni na mwavuli aangalie. Ukaguzi wa paa wakati wa kaskazi, jua linawaka, hautamwonyesha fundi kitu zaidi ya kutu. Angalieni pia viyoyozi vya jirani. Mpira wa kiyoyozi unaodondosha maji ukutani mchana na usiku kwa miaka unafanya kazi ya mto mdogo, na ni jambo ambalo huwezi kulimaliza kwa lipu. Mwendeeni jirani kwa salamu na uungwana, na mpira urefushwe mpaka chini.

La mwisho katika maji, tazameni chini. Je, uchochoro umeinuliwa kwa zege kiasi kwamba sasa uko juu kuliko sakafu yenu ya ndani? Na ndani mmetandika vigae juu ya saruji? Ardhi ambayo zamani ilipumua katikati ya chumba sasa imefunikwa, unyevu wake wote unakimbilia pembeni, yaani kwenye kuta. Sitaki kukwambia mng'oe vigae vya nyumba nzima. Lakini ukanda wa kama nusu mita kuzunguka kuta za chumba kilichoathirika ukifunguliwa na kujazwa kokoto na chokaa, mara nyingi tofauti huonekana.

Maji yakishadhibitiwa ndipo lipu ya saruji itolewe, na itolewe kwa patasi na nyundo ndogo. Mimi jakihama, ile mashine ya kuvunjia zege, siiruhusu ndani ya nyumba ya mawe: mtikiso wake unalegeza vifusi vya katikati ya ukuta na kufungua nyufa upande wa pili, kwa jirani. Anzieni pale palipovimba, kwa sababu pameshaachana na jiwe na panatoka kwa urahisi. Mkifika mahali saruji imeshika kiasi kwamba inaondoka na uso wa jiwe, acheni hapo. Mkikuta ukuta umetokeza tumbo, au mawe yanacheza mkononi, simamisheni kazi mpaka mirunda, yaani nguzo za kuegemezea, iwekwe na mhandisi aje. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit el Ajaib, jumba lililosimama Forodhani tangu 1883, iliporomoka wakati ukarabati unaendelea, na watu wakapoteza maisha. Nyumba yenu ni ndogo, lakini ukuta wa mawe uliolegea hauangalii ukubwa wa nyumba.

Ukuta ukishakuwa wazi, chumvi itaanza kutoka kwa wingi na mtaogopa. Msiogope, na msiioshe kwa maji, kwa sababu ikiyeyuka inarudi ndani. Ipigeni burashi kavu, zoeni unga, tupeni mbali na nyumba, rudieni kila wiki. Ratiba ninayoipenda ni kubandua Juni, masika yakiwa yamekwisha, na kuuachia ukuta kipupwe chote na upepo wake wa kusi. Ikifika Septemba mkiona rangi ya mawe imepauka sawasawa na chumvi imepungua, pigeni lipu kabla ya vuli. Kama bado umeloa, ngojeni. Najua kukaa na ukuta ulio uchi mwaka mzima mbele ya wageni si raha. Bandikeni mkeka uliotengana na ukuta kwa vidole viwili vitatu ili hewa ipite.

Sasa chokaa. Ile iliyokaa dukani ndani ya mfuko uliotoboka imeshavuta hewa na kurudi kuwa mawe yaliyosagika. Ni nyeupe, inachafua mikono, na haishiki kitu. Kama mnaweza kupata mabonge kutoka tanurini, kabla hayajazimwa, chukueni bonge moja mlitie kwenye ndoo ya chuma yenye maji, msimame mbali. Bonge zima linanguruma, linachemka, linatoa moshi wa mvuke na kupasuka kuwa uji. Bonge lililotulia kimya chini ya ndoo limekufa, lirudisheni kwa mwenyewe. Ndoo ya plastiki msitumie, joto lake linaweza kuiyeyusha. Na kazi hii haifanywi watoto wakiwa karibu wala bila miwani ya kazi, maana chokaa ikiruka jichoni inaunguza. Ikitokea, jicho lioshwe kwa maji safi mengi kwa muda mrefu, kisha hospitali moja kwa moja.

Uji huo uchujwe, uwekwe kwenye shimo au pipa, ufunikwe kwa maji juu ili hewa isiufikie, na uachwe. Wiki mbili tatu ni kidogo, miezi mitatu ni vizuri, na ukikaa zaidi hauharibiki maadamu maji yako juu yake. Kwa kuwa mtakuwa mnangoja ukuta ukauke, hamtapoteza muda wowote: zimeni chokaa siku ile ile mnayoanza kubandua. Ikiwa inayopatikana ni ya unga tu, hakikisheni ni mpya, iloweshwe nayo kwa siku kadhaa, kazi itakwenda, ingawa haitakuwa na ule unato.

Mchanganyiko wa kawaida ni chokaa sehemu moja kwa mchanga sehemu mbili na nusu hadi tatu. Mchanga uwe wa kuchimba, wenye punje kubwa na ndogo, usiokuwa na chumvi. Uoneni na kuulamba kama mna shaka, si aibu. Siku hizi mchanga Unguja ni adimu na uchimbaji wake unadhibitiwa, kwa hiyo fundi atashawishika kuleta wa pwani kwa mlango wa nyuma. Mkatalieni. Kwa tabaka la kwanza, linalogusa jiwe, kidogo cha udongo mwekundu kinafaa, na ndicho kilichomo ukutani tangu zamani.

Ukuta unyunyiziwe maji kabla ya kupiga, la sivyo jiwe litanyonya unyevu wa chokaa na kuiacha vumbi. Mashimo makubwa yajazwe kwanza kwa vipande vya tumbawe na chokaa, yasijazwe lipu tupu. Kisha tabaka jembamba, sentimita moja au moja na nusu, lirushwe kwa mwiko na kubanwa. Hapa ndipo mafundi waliozoea saruji wanapokosana na chokaa. Saruji inashika kwa kula maji, ndani ya saa chache, na kesho yake fundi anaweza kurudi kuendelea na kazi. Chokaa inashika kwa kuvuta hewa ukaa iliyomo angani na kurudi taratibu kuwa jiwe lile lile lililochomwa, na kwa kazi hiyo inahitaji ibaki na unyevu kidogo. Ikikaushwa na jua siku ya kwanza, imekwisha. Tundikeni magunia yaliyoloweshwa mbele ya ukuta, myanyunyizie asubuhi na jioni kwa wiki nzima, na nyufa ndogo zikijitokeza fundi arudi kuzibana kwa mwiko lipu ikiwa bado inabonyea kwa ukucha. Tabaka la pili lije baada ya hapo, na la tatu, laini, mwisho.

Fundi atakwambia: "Tutie saruji kidogo tu, ishike haraka." Saruji kidogo ndani ya chokaa inatoa kitu kisicho huku wala kule, kigumu kiasi cha kubana na dhaifu kiasi cha kumeguka. Mkitaka chokaa ishike mapema, hasa bafuni au sehemu inayopigwa na mvua, tieni unga wa matofali au vigae vya udongo vilivyochomwa, visagwe laini. Unga huo unaungana na chokaa na kuifanya iweze kushika hata penye majimaji.

Namna ya kumjua fundi wa chokaa ni rahisi. Muulizeni atapiga tabaka ngapi na atangoja muda gani baina yao. Akisema anamaliza chumba kwa siku mbili, mshukuruni kwa kufika. Anayeijua kazi ataomba aonyeshwe ukuta kwanza, ataugonga kwa kifundo cha kidole, na atauliza habari ya choo. Mpeni mita moja ya mraba pembeni afanye, mrudi baada ya wiki tatu, mkikwaruze kipande hicho kwa sarafu.

Kuhusu kaka yako: rangi ya kuzuia maji ina kazi yake kwenye tangi la zege au paa. Ukutani mwenu itarudia kosa la saruji kwa gharama kubwa zaidi, na itavimba mapovu kabla ya masika ya pili. Mwambieni afurahie kupaka chokaa mwenyewe, ni kazi ya ndugu wa nyumba. Uji wa chokaa uzimuliwe mpaka uwe mwepesi kama maziwa, ukuta uloweshwe, upakwe mara nne au tano nyembamba, siku moja moja. Mara ya kwanza atadhani anapaka maji tu, weupe unakuja ikikauka. Bluu ya kufulia kidogo inaongeza mng'aro, na udongo mwekundu au wa njano uliochekechwa unatoa rangi za kupendeza. Wapo wanaotia chumvi ili chokaa ishike. Kwenye ukuta mkavu haidhuru sana, lakini kwenye ukuta wenu, tunaoutoa chumvi kwa burashi, ni kichekesho.

Tuje kwenye boriti. Fundi anaposema zote zimekwisha, ameangalia ngapi? Boriti za mikoko haziozi kwa kuzeeka. Mti huo una utomvu mchungu ambao mchwa hawaupendi, na katika nyumba hizi zipo zilizobeba sakafu zaidi ya miaka mia moja. Zinaoza vichwani, pale zilipoingia ukutani, kama ukuta umeloa. Kwa hiyo nyumba yenye bomba linalovuja upande wa choo itakuwa na boriti mbovu upande huo, na nzima upande wa pili. Chukueni bisibisi ndefu au msumari mkubwa, mchome kila boriti vidole vichache kutoka ukutani, kutoka chini yake. Nzima inakataa na kutoa mlio mkavu ukiigonga. Mbovu inameza bisibisi. Tieni alama ya chaki, njano kwa ya kuangaliwa, nyekundu kwa mbovu, mkimaliza mtaona ramani ya uvujaji wenyewe.

Zilizooza vichwa tu hazihitaji kung'olewa. Sakafu inashikiliwa kwa mirunda kutoka chini, kisha boriti mpya inapitishwa ubavuni mwa ile mbovu na kulala ndani ya ukuta mahali pazima. Au, kama vichwa vingi vimeoza kwenye ukuta mmoja, mnaweka mbao nene ndefu sambamba na ukuta, iliyobebwa na mawe au vyuma vilivyoingizwa ukutani, boriti zote zikalala juu yake. Inayobadilishwa nzima, ibadilishwe moja moja. Kichwa chake kilale juu ya chokaa na jiwe bapa, na pembeni paachwe nafasi ya hewa. Msikizibe kwa saruji, maana ndiko kuoza kunakoanzia.

Slabu ya zege inapingwa na watu wengi kwa hoja kwamba ni nzito. Sikubaliani nayo. Slabu ya sentimita 15 ina kama kilo 360 kwa mita ya mraba. Sakafu ya asili, boriti na mawe na chokaa iliyopondwa, ikifika unene wa sentimita 30 haipungui hapo, na mara nyingi inazidi. Tatizo la slabu ni mengine. Ili ishike, fundi atachimba mfereji kuzunguka kuta za chumba, na ukuta wa nyuso mbili wenye vifusi katikati ukichimbwa hivyo unakatwa kiunoni. Boriti zinakaa kila moja kwenye tundu lake na kuacha jiwe baina yao. Pili, nondo. Zege katika hewa ya bahari, likiwa limemwagwa kwa mchanga wenye chumvi na kufunikwa chembamba, linaruhusu nondo ziote kutu. Kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, zege linapasuka kutoka ndani na vipande vinawadondokea waliolala chini. Boriti ikiharibika inabonyea na kukupa miaka ya kujua. Tatu, ukuta mmoja au miwili mtakayoichimba huenda ni ya ushirika na jirani.

Kuna na sheria. Mji Mkongwe uko katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe, iliyoanzishwa 1985, ndiyo inayotoa kibali cha ukarabati. Slabu badala ya boriti ni jambo la kuulizwa kabla, na kwa uzoefu wangu kumwita mkaguzi mapema kunaokoa pesa, kwa sababu ataona nyufa ambazo fundi wako hazitaji.

Boriti mpya mtazipata wapi? Mikoko inalindwa, Zanzibar na Bara, na kukata au kusafirisha kunahitaji kibali. Kenya nako zuio la ukataji miti la 2018 liliwagusa mpaka wakataji mikoko wa Lamu. Ulizeni risiti na kibali, na mkihitaji boriti chache tu hilo linawezekana. Nafasi nyingine ni boriti za zamani kutoka nyumba zilizobomolewa, nyingi bado ni nzima katikati. Na kama hakuna, magogo ya mkaratusi yaliyotiwa dawa kutoka Bara, au mbao ngumu iliyopasuliwa, yanafaa. Vyumba vya nyumba hizi ni vyembamba kwa sababu upana wao ulifuata urefu wa boriti, kwa hiyo hamhitaji mti mrefu. Mvinje usiotiwa dawa sikushauri, wadudu wanaupenda.

Nisikudanganye pia kwamba kila cha asili hakina gharama kwa mazingira. Chokaa inachomwa kwa kuni, kwa joto la kama nyuzi 900, na kuni hizo zinatoka mahali. Saruji inahitaji karibu nyuzi 1450, na viwanda vyake duniani vinatoa karibu asilimia 7 hadi 8 ya hewa ukaa yote inayotokana na binadamu. Chokaa ikishapigwa ukutani hurudisha sehemu ya hewa iliyotoa, saruji hurudisha kidogo. Lakini hesabu kubwa zaidi kwenu ni kwamba nyumba imeshajengwa. Mawe yake yameshachimbwa, boriti zake nyingi zimeshakatwa. Kila jiwe mnaloliacha mahali pake ni jiwe ambalo hamkulinunua.

Na hilo linanipeleka kwenye swali la kipato. Vifaa vya chokaa si ghali, kinachokula fedha ni siku za fundi na subira. Hoteli nyingi unazozisema zimepiga saruji kisha zikapaka weupe juu, na zina uwezo wa kurudia kila msimu wa wageni ukipungua. Ninyi hamna. Kwa hiyo msifanye nyumba nzima. Mwaka wa kwanza: mabomba, mifereji ya paa, na mirunda chini ya sakafu iliyobonyea, basi. Mwaka wa pili: ukuta mmoja, ule mbaya kuliko yote, na boriti za upande wa choo. Ndugu wanne mkichangishana kwa mtindo huo hakuna atakayeumia sana. Na andikeni nani katoa nini, mirathi ina maneno.

Jiko la uani: jengeni kwa mawe yake yale yale. Yafukueni kwenye kifusi, yakung'uteni udongo, yapangeni kwa ukubwa, makubwa chini na pembeni, madogo ya kujazia. Yakipungua nunueni ya machimbo ya nchi kavu. Ya baharini msiyaguse, yana chumvi na kuyavunja ni kuua mwamba wa samaki. Msingi uinuke shubiri mbili juu ya ardhi, chokaa na udongo mwekundu kwa kujengea, paa litokeze nje ya ukuta vya kutosha mvua isiufikie. Kifusi chenu kama bado kiko pale, mwambieni mlinzi asimruhusu mtu wa lori kukizoa, hata akisema anakisomba bure.